Mnaishi pamoja bila ndoa: nani aandikwe mnufaika wa bima ya maisha?

Watu wengi wanaoishi kinyumba hukata bima ya maisha kazini au benki. Wanajaza fomu haraka, na wakifika sehemu ya mnufaika wanaandika jina la mama au la kaka, au wanaandika "warithi wangu halali" na kusaini. Mwenza wanayelipa naye kodi ya nyumba na ada za shule hayumo. Wapo wanaodhani sheria itamfikia yenyewe. Wapo pia wanaosita kuweka kwenye karatasi ya kampuni jina la mtu ambaye ukoo haujamtambua.

Msimamo wangu nausema mapema: kwa watu wasio na cheti cha ndoa, hakuna karatasi ya bei nafuu yenye nguvu kubwa kuliko fomu hiyo. Mwenye ndoa akiiacha wazi, sheria ya mirathi angalau inamtaja mwenzi wake. Ninyi hamtajwi kokote. Hata hivyo kumwandika mwenza moja kwa moja ni njia mojawapo tu. Unaweza kupitia wosia, unaweza kuwaandika watoto, na mwenza anaweza kuushika mkataba wenyewe. Njia hizi hazilindi watu walewale wala hazivunjiki mahali pamoja, kwa hiyo nitazipima moja baada ya nyingine, hasa kwa sheria na mazoea ya Tanzania, kisha niwaguse walio Kenya.

Miaka miwili haikufanyi mrithi

Imani iliyoenea ni kwamba mkikaa pamoja miaka miwili mmekuwa mke na mume. Wengine husema hata miezi sita. Miezi sita haimo katika Sheria ya Ndoa. Miaka miwili imo, ila kwa masharti ambayo watu huyaruka. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya waheshimike kuwa mke na mume, kutakuwa na dhana ya ndoa, yaani watachukuliwa kuwa wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Kwenye msiba wapingaji hawakosekani. Atakuwa shemeji, au wifi, au mwanamke mwingine mwenye cheti cha kanisani. Wewe utatafuta mashahidi: majirani, mwenye nyumba, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Utaulizwa kama ulikwenda kwao, kama mahari ilitajwa, kama kwenye harusi za ukoo ulitambulishwa kuwa mke au "rafiki". Shahidi mkubwa kuliko wote, yule ambaye neno lake moja lingemaliza ubishi, ndiye mliyemzika.

Na kama mmoja wenu ana ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa na mahakama, dhana haisimami, hata mkiwa mmeishi miaka ishirini. Kutengana kwa muda mrefu si talaka. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanaume na wanawake wengi wanaoishi kinyumba mijini walishawahi kufunga ndoa mahali pengine na hawakurudi kuivunja rasmi.

Dhana ikianguka, kifungu hichohicho kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto, na Mahakama ya Rufani iliwahi kuamua kwamba hata katika hali hiyo mahakama inaweza kugawa mali ambayo wawili walichuma pamoja. Hilo linamsaidia mtu kwenye nyumba au kiwanja. Halimsaidii sana kwenye bima, kwa kuwa fedha hizo hazikuwepo mlipokuwa mkiishi pamoja.

Sasa tuseme umeshinda, dhana imekubaliwa, umehesabiwa mjane. Tuchukue mkataba wa Sh20 milioni ambao haukuwa na jina la mnufaika, kwa hiyo fedha zimeingia kwenye mirathi, na marehemu ameacha watoto. Ikiwa mirathi inafuata sheria ya mwaka 1865 iliyoletwa kutoka India, ambayo hutumika kwa Wakristo wengi ambao maisha yao hayakufuata mila, fungu la mjane ni theluthi moja, karibu Sh6.7 milioni. Ikiwa ni mirathi ya Kiislamu, ni thumni, sehemu moja ya nane, yaani Sh2.5 milioni, na wakiwepo wajane wengine wanaigawana hiyohiyo. Ikiwa ni ya kimila chini ya tangazo la mwaka 1963, kanuni inasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Hayo ndiyo mafungu ya mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nawaomba mliokuwa mnaitegemea miaka miwili mzitazame tarakimu hizo vizuri.

Kumwandika mwenza moja kwa moja

Hii ndiyo njia fupi, na kwa wengi wenu ndiyo ninayoipendekeza. Unapokata bima ya maisha yako mwenyewe, wewe ndiye mwenye masilahi katika maisha hayo, na unaweza kumtaja umtakaye apokee. Hahitaji kuwa ndugu wala mke wa ndoa. Wakala akikwambia kampuni inakubali "familia tu", mwombe akuoneshe mahali mkataba unaposema hivyo. Mara nyingi ni mazoea ya ofisi, au fomu ina visanduku vya mke, mume, mtoto na mzazi, na yeye hajui kwamba kipo pia cha "mwingine".

Mnufaika aliyeandikwa kwa kawaida halazimiki kungoja msimamizi wa mirathi ateuliwe. Anapeleka cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili), kitambulisho chake, hati ya bima na fomu ya madai, na kifo kikiwa cha ajali, taarifa ya polisi. Hakuna kikao cha ukoo, na hakuna tangazo la mahakama lenye siku za watu kuleta pingamizi. Kwa mtu ambaye wakwe wanaweza kumtoa kwenye nyumba kabla hata ya arobaini, kasi hiyo ni ulinzi halisi. Ndiyo kodi ya miezi inayofuata na ndiyo nauli ya kuwarudisha watoto shule.

Jambo ambalo watu hulikosea ni safu ya uhusiano. Andika "mwenza", au "mzazi mwenzangu" kama mna mtoto. Usiandike "mke" au "mume" ikiwa hamjafunga ndoa. Najua kwa nini watu wanaandika hivyo: ndivyo wanavyoitana, na ni heshima. Lakini siku ya madai kampuni ikisoma "mke" ina haki ya kuomba cheti cha ndoa, na hapo mwenza wako ataanza kuhangaika kuthibitisha ndoa, shughuli ileile ambayo fomu ingemwepusha nayo. Ndugu nao watapata pa kushika, waseme aliyekusudiwa ni mke wa ndoa, siye huyu. Jina lifuate kitambulisho cha taifa (NIDA) herufi kwa herufi, na namba yake iwekwe. Jina la mtaani, au "Mama Fulani", halitoshi.

Kisha asilimia. Fomu nyingi zinakubali wanufaika zaidi ya mmoja, na kwa wasiofunga ndoa naona kugawa ni busara kuliko kumpa mwenza yote. Katika ile Sh20 milioni, mtu anaweza kumwandikia mwenza asilimia 50, watoto 30 na mama yake 20. Katika familia zetu mzazi mara nyingi anamtegemea mtoto huyu kwa dawa na chakula, na ni haki yake kukumbukwa. Tena mama aliyepewa Sh4 milioni kwa jina lake hana sababu kubwa ya kwenda kupinga Sh10 milioni za mwingine. Andika asilimia, usiandike kiasi, kwa sababu mkataba ukiwa na bonasi au ukiwa na mkopo juu yake, kiasi kinachotoka hakitakuwa kile kile.

Msisahau mnufaika mbadala. Wawili wanaoishi pamoja husafiri pamoja, kwenye basi moja kwenda kwao Desemba. Mwenye bima na mnufaika wakifa katika ajali hiyohiyo na hakuna jina la pili, fedha zinarudi kwenye mirathi ya mwenye bima, na huko watoto wenu waliozaliwa nje ya ndoa ndio walio dhaifu kuliko wote. Nitarudi kwao.

Udhaifu wa njia hii uko sehemu mbili. Kwanza, mwenye bima anaweza kulifuta jina lako kesho bila kukwambia. Anayetegemea jina lake kwenye fomu ya mwenzake ana tumaini, hana haki iliyofungwa. Pili, watu wanaweza kubishana kama aliyeandikwa ni mwenye fedha au ni mpokeaji tu anayezishika kwa niaba ya warithi. Nchi zilizorithi sheria kutoka kwa Mwingereza hazikwenda njia moja katika hili. Katika miaka ya 1980 Mahakama ya Juu ya India iliona kwamba aliyetajwa kwenye bima anapokea tu, wenye mali ni warithi. Sheria ya huko ikarekebishwa mwaka 2015 ili mzazi, mwenzi wa ndoa au mtoto akitajwa fedha ziwe zake kweli, lakini mwenza asiye wa ndoa hakuwekwa kwenye orodha hiyo. Mahakama Kuu ya Kenya, kwa upande mwingine, imeshaamua kwamba fedha ambazo sheria inamruhusu mtu kumteulia mpokeaji, kama akiba za vyama vya ushirika, haziingii kwenye mirathi. Kwa sababu ya tofauti hizi mimi siachi fomu isimame peke yake. Naiunga mkono kwa wosia mfupi wenye sentensi moja iliyo wazi: kwamba fedha za mkataba namba fulani, nilizomwandikia fulani, nakusudia ziwe mali yake mwenyewe.

"Warithi wangu halali", au wosia peke yake

Ukiandika "warithi wangu" kwenye fomu ya bima huku huna ndoa, umemwondoa mwenza wako. Sina namna ya kulainisha hilo. Fedha zitaingia kwenye mirathi, zitalipa kwanza madeni na gharama za mazishi, zitangoja msimamizi ateuliwe Mahakama ya Mwanzo au ya juu yake, na kikao cha kumpendekeza msimamizi huwa ni cha ukoo, ambao wewe si mjumbe wake.

Wosia unaliponya hilo kwa sehemu. Faida yake ni upana: unaweza kumpa mwenza fedha za bima na pia kitanda, pikipiki na haki ya kukaa kwenye nyumba, mambo ambayo fomu ya bima haiyagusi. Lakini wosia una masharti yake. Katika utaratibu wa kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Huyo wa ukoo ndiye shida ya mtu anayemficha mwenza wake kwao. Kama huna ndugu hata mmoja unayeweza kumwambia "huyu ndiye ninayeishi naye na nataka apate", wosia wako wa kimila uko mashakani tangu mwanzo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutegemea fomu zaidi. Mwenza anayerithishwa asiwe shahidi. RITA wanapokea na kuhifadhi wosia, na ni bora kuliko kuufungia kwenye kabati ambalo ndugu ndio watakaolifungua.

Kwa Mwislamu kuna mipaka mingine. Wosia haupiti theluthi ya mali, na hauwi kwa mrithi. Mwenza asiye wa ndoa si mrithi, kwa hiyo kisheria anaweza kuusiwa ndani ya theluthi hiyo. Kuhusu fedha za bima au takaful (bima ya Kiislamu) zenye jina la mnufaika, muulizeni mwanachuoni mnayemwamini kabla ya kujaza. Wapo wanaozihesabu kuwa hiba, yaani zawadi, na wapo wanaozirudisha kwenye mirathi, na ni vyema mjue mnasimama wapi kabla familia haijauliza.

Nikiziweka pamoja, fomu inashinda wosia kwa kasi na kwa faragha, na wosia unashinda fomu kwa upana wa mali. Mwenye nguvu ya kufanya kimoja tu mwaka huu afanye fomu.

Kuwaandika watoto badala ya mwenza

Wazazi wengi wasiofunga ndoa huchagua hii wakiamini wamemaliza yote: fedha ni za mtoto, na mtoto yuko na mama yake, basi. Nawaelewa, na watoto wa namna hii kweli wanahitaji kuandikwa kuliko mtu mwingine yeyote. Katika kanuni za kimila za 1963, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na asiyehalalishwa harithi upande wa baba pasipo wosia. Katika sheria ya Kiislamu anamrithi mama yake, hamrithi baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeleta haki nyingi, zikiwamo matunzo na kutonyimwa manufaa ya kuridhisha katika mali ya mzazi, lakini kuidai haki hiyo mbele ya baba wadogo wanaosema "hatumjui huyu" ni kazi ya miezi, pengine na vipimo vya vinasaba. Jina la mtoto kwenye fomu ya bima linakata ubishi huo wote. Ametajwa, analipwa. Haihitaji mtu yeyote kuamua kama uzao wake ulikuwa halali.

Lakini mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kampuni haimkabidhi mtoto wa miaka sita Sh20 milioni. Itatafuta mtu mzima wa kupokea. Kama hukumtaja, kampuni inaweza kudai amri ya mahakama ya ulezi, au fedha zikaishia kwa msimamizi wa mirathi, na msimamizi ni baba mdogo. Kwa hiyo ukiwaandika watoto, andika papo hapo mtu mzima atakayewapokelea, na kwa kawaida awe mzazi mwenzako. Fomu nyingi zina nafasi ya mlezi au mdhamini wa mtoto, na isipokuwepo, ambatanisha barua na uhakikishe imegongwa muhuri wa kupokelewa. Cheti cha kuzaliwa kiwe na jina la baba. Kama hakina, hilo ndilo la kuanza nalo, kabla ya bima.

Kumbuka pia kwamba fedha za watoto si za mwenza. Anayepokea kwa niaba yao anapaswa kuzitumia kwao. Mama mwenye watoto watatu ambaye fedha zote zimeandikwa kwa watoto anaweza kulipa ada, lakini akitaka mtaji wa kurudisha genge lake ili awalishe, ndugu wanaweza kumwita mwizi. Ndiyo maana katika mfano wangu sikuwapa watoto asilimia mia. Mwenza naye apewe kilicho chake.

Wapo wanaofungua hati ya udhamini kamili, wenye wadhamini wawili au watatu wa kuzishika fedha na masharti ya matumizi mpaka mtoto afike chuo. Kwa mkataba mkubwa, au mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji uangalizi maisha yote, inafaa kumlipa wakili. Kwa mkataba wa kawaida gharama inakula faida.

Mwenza kuushika mkataba mwenyewe

Njia tatu zilizotangulia zote zinamwacha mwenza kwenye hisani ya mwenye bima. Hii ya nne ndiyo pekee inayompa haki yake mwenyewe, na ina sura mbili.

Ya kwanza ni yeye kukata bima juu ya maisha yako na kulipa ada. Hapo sheria ya bima inamuuliza: kifo cha mtu huyu kinakupa hasara gani? Kanuni hiyo ya masilahi ya kibima ilitungwa Uingereza mwaka 1774, wakati watu wa London walipokuwa wakicheza kamari kwa kukata bima za maisha ya watu mashuhuri wasiowahusu. Mke na mume wa ndoa wanahesabiwa kuwa nayo bila kuulizwa. Wewe utaulizwa, na jibu linatakiwa liwe la fedha: mkopo wa pamoja, biashara ya ubia, nyumba mnayoijenga kwa majina mawili. Mapenzi peke yake hayatoshi, na kiasi cha bima kitakaa karibu na ukubwa wa hasara hiyo. Wawili wenye mkopo wa Sh15 milioni wa kununua bajaji mbili wana sababu safi. Wawili wanaopanga chumba na kila mmoja ana mshahara wake watapata shida kuipata.

Ya pili ni kuhamishiwa mkataba. Wewe unakata bima ya maisha yako, kisha unasaini hati ya kuhamisha haki zako kwa mwenza na kuipeleka kampuni iandikishwe. Baada ya hapo huwezi kumfuta kimyakimya. Ni nguvu kubwa, na kwa hiyo ni hatari kwa mtoaji: mkiachana mkataba ni wake, hata ule wenye akiba uliouchangia miaka kumi. Singeishauri kwa wapenzi wa mwaka mmoja. Ningeishauri kwa mwanamke aliyeacha kazi kulea watoto kwa makubaliano kwamba mwanamume ndiye atakayelisha nyumba, maana huyo amekwisha kulipa upande wake wa makubaliano na hana chochote kilichoandikwa.

Angalizo moja: kama mkataba umewekwa dhamana benki, benki inalipwa kwanza. Mnufaika, awe nani, anapata kilichobaki. Waulizeni benki kabla ya kuhesabu.

Bima ya kazini na mafao ya hifadhi ya jamii

Hapa watu huchanganya. Bima ya maisha ya kikundi ambayo mwajiri anawakatia wafanyakazi ina fomu yake ya wanufaika, na inaweza kuwa imekaa kwenye faili tangu siku uliyoajiriwa, ukiwa bado unaishi kwa wazazi. Nenda ofisi ya rasilimali watu ukaiangalie. Mafao ya urithi ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, ni kitu kingine. Yanafuata orodha ya wategemezi iliyomo kwenye sheria ya mfuko, mjane au mgane, watoto na wazazi wakiwamo, na mwenza asiye na cheti anarudi kwenye vita ya kuthibitisha. Usimwahidi mwenza wako mafao hayo. Muandikie yaliyo mikononi mwako.

Bima ya mkono wa pole, ile ndogo ya mazishi, mimi ningeiandikia ndugu. Ndugu ndio watakaozika, na akipewa mwenza fedha za jeneza na usafiri ugomvi utaanza msiba ukiwa bado mbichi.

Nani achague nini

Mnaoishi pamoja bila watoto, kila mmoja ana kipato: andikaneni kila mmoja kwenye mkataba wake, na wazazi muwawekee sehemu. Inatosha.

Mna watoto na mmoja tu ndiye anayeingiza fedha: gaweni kati ya mwenza na watoto, mzazi mwenzako awe mpokeaji wa watoto, na ongezeni wosia. Ikiwa makubaliano yenu ni ya muda mrefu, fikirieni kuhamisha angalau mkataba mmoja mdogo uwe wa yule asiye na kipato.

Mmoja wenu ana ndoa nyingine hai: hapa nasema kwa uzito. Mke au mume wa ndoa ana haki zake, na watoto wa pande zote mbili hawana kosa. Usijaribu kumrithisha mwenza kwa siri kupitia wosia utakaosomwa mbele ya wajane wawili. Kata mkataba tofauti, wenye jina lake, wa kiasi ambacho hakiwanyang'anyi wengine, na uache mkataba wa zamani kwa familia ya ndoa. Mikataba miwili yenye majina mawili husababisha kesi chache kuliko mmoja wenye majina yanayogombana.

Mnapanga kufunga ndoa "mwakani": msingoje mwakani. Fomu inabadilishwa bure au kwa gharama ndogo, na ndoa ikishafungwa mtarudi kubadilisha neno "mwenza" kuwa "mke" au "mume" na kuambatanisha cheti.

Kwa walio Kenya

Kwenu dhana ya ndoa ni nyembamba kuliko yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haina kifungu kama 160. Dhana hiyo imeishi kwenye maamuzi ya mahakama, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema iwe ya nadra, si kanuni, ikaweka masharti: kuishi pamoja muda mrefu, uwezo wa kisheria wa kuoana, nia na ridhaa ya kuoana, na kujionesha kwa watu kuwa mume na mke, huku mzigo wa kuthibitisha ukiwa kwa anayedai. Mwanamke katika shauri hilo aliishi na mwanamume zaidi ya miaka ishirini, lakini alikuwa na ndoa nyingine, na dhana ikakataliwa. Marekebisho ya sheria ya urithi ya mwaka 2021 nayo yalifafanua mwenzi kuwa ni yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa. Kwa hiyo kwa mwenza wa Nairobi au Mombasa jina kwenye bima lina uzito zaidi. Fedha za pensheni zina utaratibu wake: sheria inazitoa nje ya mirathi na wadhamini wa mfuko ndio wanaozigawa kwa kanuni za mfuko, kwa hiyo jina ulilowaandikia ni mwongozo kwao, na ni vyema uliandike pamoja na maelezo ya nani anakutegemea.

Mkiachana

Kuachana kwenu hakubadilishi fomu. Hakuna talaka ya kusajiliwa, hakuna hati itakayomfikia mtu wa kampuni ya bima kumwambia kwamba mmehama. Mwenza wa zamani ataendelea kuwa mnufaika mpaka uandike jina jingine, na ukifa kabla ya hapo kampuni itamlipa yeye. Kwa hiyo mtu akihamisha vitu vyake, apite kampuni ya bima wiki hiyohiyo. Na wewe uliyeachwa na watoto, usikubali kusikia tu kwamba "watoto wamo". Omba nakala ya fomu mpya yenye muhuri na tarehe, na majina ya watoto yakiwa yameandikwa kama yalivyo kwenye vyeti vyao.